Kabla hujaliwashia grinda geti la zamani

Mimi ni mhunzi, niko Lindi. Mwaka jana niliitwa kwenye shamba moja la zamani la mkonge, nikakuta fundi mwingine kishapita na mashine ya kuchomelea. Kila ungio la geti kaliwekea donge. Maungio matano yalikuwa yameachia tena.

Chuma cha kufua, kile cha mageti ya zamani kama hili, si nondo. Kina nyuzi kama muwa. Weka mkato kwenye kipande kibovu, kipinde, utakiona kinachanika badala ya kukatika. Ukichomelea juujuu, unashika tabaka la nje, la ndani linaachana.

Piga picha, andika namba kwa chaki, kisha mlishushe geti watu wanne. Rangi ya zamani mara nyingi huwa na madini ya risasi, ni sumu: ilowanishe, ikwangue, vaa barakoa, usipige msasa mkavu wala kuiunguza. Watoto wakae mbali.

Sasa njoo kwenye pete, ule mkanda unaobana fito mbili. Hapo ndipo geti linapofia. Kutu ikiota katikati huvimba na kuipasua pete. Ikate kwa tindo. Fito zitie motoni (mimi natumia mkaa wa vifuu) hadi ziwe nyekundu, zigonge kidogo: kutu inabanduka magamba kwa magamba. Pete mpya naikata kwenye minyororo ya nanga ya zamani, niliyoipata kwa wauza chuma chakavu. Ile mingi ni ya kufua. Zungushia fito ukanda wa bati upate urefu, ongeza unene wa pete mara mbili na nusu, ya kwanza ifanye ya majaribio. Ivishe ikiwa ya moto, rangi ya chungwa, ifunge kwa nyundo. Ikipoa inajikaza yenyewe, ndiyo raha ya kazi hii. Ribiti nazo, vile vipini vya chuma vinavyopondwa kichwa kubana vipande, vivyo hivyo, moto na nyundo.

Chumvi ya bahari ioshe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi mara tatu, kausha, na rangi ya kuzuia kutu ipake siku hiyohiyo. Fanya kiangazi, Juni na kuendelea, umande ukishakauka. Nahodha mmoja alinishauri nipake sifa, yale mafuta ya papa, kama jahazi. Rangi haishiki juu ya sifa, na ile harufu, mwenye shamba angenifukuza.

Bawaba nilizijaza grisi. Mlinzi ananilalamikia mpaka leo: geti halilii, watu wanaingia yeye kasinzia.