Hawa Wanapiga Nini? Ninavyobuni Kava za Bendi Ndogo Hapa Kisumu

Kabla sijagusa kompyuta nilikuwa naandika majina ya mashua kwenye ufuo wa Dunga. Mwenye mashua anakutajia jina, anakupa nusu ya pesa, herufi unachagua wewe. Mashua ya mzee wa kanisa huiandikii herufi zenye ndimi za moto, na ya kijana anayevua mchana akakesha kwenye starehe za Kondele huiandikii kama kibao cha zahanati. Herufi ina sauti yake hata kabla mtu hajaisoma. Siku hizi nabuni kava za albamu za bendi zisizo na lebo, yaani kampuni ya muziki, wengi wao vijana wanaorekodi chumbani na kupakia nyimbo wenyewe, na kazi naiona ni ileile.

Nianze na kosa langu. Walinijia vijana wanne wa Nyalenda: magitaa mawili, besi na ngoma. Muziki wao una benga ndani, ule muziki wetu wa gitaa wa Kiluo, ila wameupunguza mwendo na kuutia huzuni. Nikawapeleka ufuoni jioni wakiwa na mashati meupe, jua linazama nyuma yao, miale inachomoza mawinguni. Jina la bendi nikaliweka rangi ya dhahabu. Picha ilikuwa nzuri, hata mamangu aliisifu, na hilo lingenitosha kama onyo. Wakapakia Ijumaa. Kufikia Jumapili mpiga besi alikuwa ameulizwa mara tatu kwaya yao ni ya kanisa gani.

Shati jeupe, miale, dhahabu. Kwetu huku hiyo ni sare ya muziki wa injili, na mtu akiiona haanzi kujiuliza maswali. Anayependa injili alibonyeza akasikia gitaa la huzuni, akatoka. Aliyekuwa akitafuta gitaa la huzuni alipita bila kubonyeza.

Kwa hiyo sasa naanza kwa masikio. Naenda kwenye mazoezi yao, nakaa kona na daftari, programu ya kuchorea sifungui kabisa. Wakimaliza nawauliza: wimbo huu ni saa ngapi? Uko wapi? Ukiugusa unahisi nini mkononi, mchanga, bati, nguo mbichi? Mwanzoni watacheka. Wakikujibu kwamba muziki wao ni "wa kipekee", waambie warudi kwenye swali, maana upekee haupigwi picha. Mwimbaji mmoja alinyamaza kidogo akasema, "Saa tisa mchana, stoo ya mahindi, joto, hakuna mtu." Omera, ndugu yangu, hapo kava ilikuwa imeshakwisha! Kilichobaki kilikuwa kutafuta stoo.

Baada ya hapo pitia kava za wenzao wanaopiga muziki wa jamii hiyo, thelathini au arobaini kwa mkupuo, na utazame zinafanana wapi. Kila muziki una mavazi yake. Bendi za metali, ile roki nzito ya kelele, huandika majina kwa herufi za miiba, wakati mwingine hazisomeki kabisa, na mashabiki wanapenda hivyo: asiyeweza kusoma si mwenzao. Ohangla yetu, ngoma ya Kiluo ya kuchezea, huja na msanii amesimama katikati, suti inang'aa, na mara nyingi namba ya simu ya kumwalika harusini. Bendi huru za gitaa hupenda nafasi tupu, picha yenye chengachenga kama ya filamu ya zamani, herufi ndogo pembeni, sura za wanabendi hazionekani vizuri. Ukiyajua mavazi hayo unaweza kuyavaa, kuyachanganya au kuyavua kwa makusudi. Mimi sikuyajua, ndiyo maana nikaivisha bendi ya huzuni joho la kwaya.

Mfano ninaowaonyesha vijana ni wa Joy Division, bendi ya Uingereza. Mwaka 1979 walitoa Unknown Pleasures, na mbele ya jalada hamna jina la bendi wala la albamu. Kuna mistari myeupe tu juu ya weusi, kama vilima vilivyopangwa. Mistari hiyo ni mapigo ya redio ya nyota iliyogunduliwa mwaka 1967. Mwanabendi mmoja aliiona kwenye kitabu cha elimu ya nyota, na mbunifu Peter Saville akaigeuza rangi. Muziki wenyewe ni wa baridi, una mapigo yanayojirudia na nafasi kubwa katikati. Jicho na sikio vinapata kitu kimoja.

Wengi wakiuona mfano huo wanadhani siri ni kuacha patupu. Hapana. Mtazame Lemi Ghariokwu wa Nigeria, aliyemchorea Fela Kuti majalada 26. Yamejaa watu, askari, maneno, vurugu. Unayasoma kama gazeti. Wimbo wa Fela unaweza kwenda dakika kumi na tano akiitukana serikali, jalada tupu lingekuwa uongo. Muziki wako ukiwa umesongamana, kava nayo isongamane.

Huku kwetu santuri nyingi ndogo za benga ziliuzwa kwenye bahasha ya kawaida yenye tundu, ukaona karatasi ya duara ya katikati tu. Rangi ya duara lile na mwandiko wake vilibeba kazi yote. Nina chache nilizonunua soko la Kibuye, na huwa nazichungulia nikikwama.

Sasa herufi, maana hapo ndipo napenda kukaa. Sichukui fonti ya bure iliyokwisha kutumika kwenye kila bango la disko mjini. Nachukua brashi bapa ya inchi moja, rangi nyeusi ya mafuta, na kipande cha mbao au kadibodi ya katoni, naandika jina la bendi mara ishirini. Tano za kwanza huwa na woga. Kuanzia ya nane mkono unalegea. Nikifika herufi ya mwisho sikazi brashi, naiacha iishiwe rangi yenyewe, mkia unabaki na mistari mikavu. Mkia huo ukitazamwa kwa karibu unafanana na sauti ya gitaa linalofifia, na kompyuta ikiuigiza utajua tu. Nachagua moja, naipiga picha kivulini bila flashi, kisha kwenye programu naondoa mandharinyuma na kukaza weusi. Makosa madogo nayaacha. Bendi inayopiga kwa ustadi mkavu, kila noti mahali pake, hiyo siifanyii hivi; naipa herufi nyembamba zilizopangwa kwa rula.

Herufi za mashua huwa nene kwa sababu zinasomwa kutoka mbali, majini, mashua ikiyumba. Kava ya leo ina shida hiyohiyo. Jalada la santuri kubwa lilikuwa na upana wa sentimita 31 hivi, ukalishika kwa mikono miwili. Kwenye simu, katika orodha ya nyimbo, kava yako haizidi ukucha wa kidole gumba. Ijaribu hivi: ipunguze hadi ukubwa huo, simu iegemeze kwenye kikombe mezani, rudi nyuma hatua tatu. Ukiona doa la kijivu, anza upya. Ukiona umbo moja, basi, hata kama maneno hayasomeki, endelea. Jina litaandikwa chini au kando yake na programu ya muziki yenyewe, kwa hiyo usihangaike kulikuza mpaka limeze picha.

Rangi nitasema kwa ufupi: mbili, tatu kwa shida. Majalada ya jazi ya kampuni ya Blue Note ya miaka ya 1950 na 1960, yaliyobuniwa na Reid Miles, mara nyingi yana rangi mbili tu na picha ya mpigaji iliyokatwa kwa ujasiri, na sababu mojawapo ilikuwa uchache wa pesa. Rangi zangu nazichukua mtaani: kutu ya mabati ya Manyatta, kijani cha magugumaji, buluu ya maturubai ya sokoni. Nazipiga picha, nachota rangi humo.

Mambo ya faili hayana utamu lakini yanaangusha watu. Tengeneza mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, rangi za skrini, wala si za matbaa. Usiweke bei, namba ya simu, anwani ya mtandao wala nembo ya kampuni nyingine, wanaopokea nyimbo mtandaoni watakurudishia. Picha iwe yenu au mwenye nayo awe amekubali kwa maandishi. Ya kuokota mtandaoni itawaletea kesi siku wimbo ukianza kulipa. Hifadhi faili yenye tabaka zake, kwa sababu baada ya mwezi watataka fulana na bango la shoo, na vyote vitoke kwenye herufi zilezile na rangi zilezile. Na chukua nusu ya malipo mapema, kama kwa mashua.

Kabla ya kukabidhi, tafuta mtu asiyewajua hawa vijana, asiye msanii, umwonyeshe kava kwenye simu bila sauti. Muulize tu: hawa wanapiga nini? Usimsaidie. Wale wa Nyalenda niliwarudia kazi bila kulipwa: picha ya plagi ya gitaa imelala kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka, rangi ya kutu, jina kwa brashi. Nikampelekea mama anayenikaangia samaki. Akafuta mkono kwenye leso, akaisogeza simu karibu na macho.

"Hawa ni wa gitaa," akasema. "Lakini nani amewaudhi?"

Nikawatumia faili usiku huohuo.