Ukioga Materuni, tazama mlimani

Ukienda kuoga kwenye maporomoko ya Materuni, kule juu ya Moshi, usitazame anga la hapo ulipo tu. Mvua inaweza kunyesha juu msituni huku wewe unaota jua, na maji yake yakakufikia kwa ghafla. Kabla ya kuingia mimi huchagua jiwe moja ukingoni ambalo kichwa chake ni kikavu. Jiwe hilo likianza kulowa, natoka. Vilevile maji yakigeuka rangi ya udongo, majani na vijiti vikianza kushuka kwa wingi, au muungurumo ukiongezeka, panda juu mara moja. Viatu utavifuata baadaye. Masika, Machi hadi Mei, naishia kupiga picha.

Na tafadhali usijirushe. Maji yale ni baridi kweli, na mwili ukishtuka unavuta pumzi bila hiari. Kichwa kikiwa chini, unavuta maji. Ingia taratibu, jimwagie usoni na shingoni kwanza. Ukiteleza ukatumbukia, lala chali uelee kama dakika moja hivi mpaka pumzi itulie, ndipo uogelee. Usisimame chini kabisa ya poromoko, mawe hudondoka.

Wanaopenda kupiga kasia Ziwa Duluti, karibu na Arusha: jaketi la kujiokolea lifungwe vifungo vyote hata kama ziwa limetulia. Likiachwa wazi linapanda hadi masikioni, nawe unazama chini yake.