Kulala ndani ya ngome ya kale bila kumaliza akiba
Mkitaka watoto walale kwenye ngome halisi ya Ulaya, msikimbilie hoteli za kifahari. Pale Bacharach, Ujerumani, ngome ya Burg Stahleck iliyo juu ya mto Rhine ni hosteli ya vijana, na familia hupokelewa vizuri tu. Wafaransa waliilipua mwaka 1689, ikajengwa upya karne ya 20. Kateni uanachama wa familia wa chama cha hosteli za vijana, unawatosha wazazi na watoto. Mizigo iwe ya kubeba mgongoni: njia ya miguu kutoka mjini ni ngazi na mwinuko mkali, mkipita magofu ya kanisa dogo la Wernerkapelle, na sanduku la magurudumu hapo ni mateso. Ombeni mapema chumba kinachotazama mto. Watoto wangu waligoma kutoka dirishani, wakihesabu meli za mizigo.