Somo: jinsi ya kupanga dokumentari ya TV kuhusu watoto wa sekondari na pombe

Wakuu habari za mchana, hili somo niliahidi toka mwezi uliopita kazi zikanizidi, haya leo tulimalize.

HATUA YA 1: Punguza wazo. "Ulevi kwa vijana" hiyo ni mada ya semina, huwezi kuishutia. Tafuta kitu kimoja cha kufuata, mfano mimi ningechukua msimu wa mahafali ya form four hapa Dar, Septemba na Oktoba hivi, madogo wanachangishana hela, wengine wanazamia kigodoro (ile ngoma ya mtaani ya kukesha), wanapiga vyombo mpaka wanazima, halafu Novemba hao hao wanaingia kwenye mtihani wa taifa. Hapo tayari una tarehe inayokukimbiza.

HATUA YA 2: Piga hesabu mapema maana watu watabisha. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanahesabu gramu 60 za alkoholi au zaidi kwa mkao mmoja kuwa ni kunywa kwa kupindukia. Bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20, so bia tatu umefika. Pombe kali ya asilimia 40, kile kichupa cha ml 200 kinachoingia mfuko wa kaptula ya shule bila hata kutuna, kimoja tu kinazidi hizo 60. Ukimuonyesha mtazamaji hicho kichupa na hicho kikaptula hana haja ya grafu. Na tafadhali msiishie kulaumu viroba, zile pombe kali za vipakiti vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, form four wa leo alikuwa bado mtoto mdogo kabisa, uliza sasa hivi anauziwa nini na nani.

HATUA YA 3: Hapa ndo pana kazi. Kamera isimkalie mtoto. Miaka ya nyuma kituo kimoja nilichokuwepo tulirusha kipande cha dogo anakunywa, sura tumeifuta vizuri tu, tukasahau miguuni, kavaa kandambili moja ya bluu moja nyekundu. Kesho yake mtaa mzima unamwita dogo wa TV. Mama yake alikuja akakaa mapokezi toka asubuhi mpaka saa kumi jioni, hajapiga kelele hata kidogo, zile kandambili kaziweka kwenye mfuko wa rambo mapajani. Toka siku hiyo mi naangalia sauti, viatu, beji, rangi ya ukuta, tatoo, kila kitu, ndo nabonyeza rekodi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ni hiyo hiyo inayokataza kumuuzia pombe, kwa hiyo mwenye maswali ya kujibu ni mtu mzima wa grosari. Mfuate huyo, mfuate bodaboda anayewarudisha usiku, nesi wa zamu, mzazi anayefua mashuka Jumapili asubuhi. Mtoto ukimhitaji lazima, mzazi asaini na mtoto mwenyewe akubali akiwa mzima, siyo kashalewa anachekacheka. Na usimnunulie pombe, hata kama ni "ya shoti tu".

HATUA YA 4: Vibali na bajeti. Bodi ya Filamu, barua ya serikali ya mtaa, shule pitia kwa afisa elimu. Nusu saa ya TV ukitoa matangazo inabaki dakika 24 hivi. Halafu uliza mapema nani anadhamini, usije ukakuta katikati ya kazi yako linaingia tangazo la bia.

MASWALI

Swali: Mkuu kwani nikimtuma dogo akanunue nikarekodi kwa siri si ndo ushahidi?
Jibu: Hapana kaka, ukimtuma wewe ndo umemuingiza. Kaa ng'ambo ya barabara urekodi kinachotokea chenyewe, mpe muuzaji nafasi ya kujibu, na mwanasheria wa kituo aione kabla haijaruka.

Swali: Dada mi nina simu tu, inatosha?
Jibu: Inatosha kabisa mdogo wangu, hela yako weka kwenye mike. Picha ya giza watu wanavumilia, sauti ya upepo wanahama chaneli.

Swali: Na dogo akizima mbele yangu?
Jibu: Weka kamera chini. Mlaze ubavu, usimuache peke yake, usimpe kahawa wala usimmwagie maji, haamki au anapumua kwa kusuasua kimbiza hospitali. Namba ya msaada kwa watoto ni 116, bure. Sisi tulikuwa tunakodi bajaji inasubiri kwenye kona usiku kucha, hiyo ingiza kwenye bajeti ya hatua ya 4, nimeisahau pale juu.