Kisima kikiingiwa na dawa ya shamba, kuchemsha hakusaidii

Jamani wa Kasese hapa Uganda na wote mnaolima nyanya karibu na kisima, hili la kuchemsha tulimalize kwanza. Kuchemsha kunaua vijidudu basi, dawa ya kunyunyizia inabaki humohumo, na maji yakipungua kwenye sufuria ndo inazidi ukali. Klorini pia kazi yake ni vijidudu.

Kinachoshika dawa nyingi ni mkaa, ila siyo mkaa wowote tu. Chagua ulioiva vizuri, ule ukiugonga unalia kama kigae, unaotoa moshi achana nao. Uponde punje ziwe kama mchele halafu uoshe, uoshe tena mpaka maji yatoke masafi, mi niliona uvivu mara ya kwanza tukanywa chai nyeusi bila majani siku mbili.

Tafuta ndoo mbili, au jerikeni za mafuta ya kupikia uzikate juu. Jerikeni iliyobeba dawa usiiguse kabisa hata uioshe mara kumi. Ndoo ya juu weka kokoto na mchanga, maana dawa kama saipamethrini, ile ya kuua wadudu, inapenda kung'ang'ania udongo, ukinasa tope umenasa na sehemu yake, na tope likifika kwenye mkaa litauziba. Ndoo ya chini kitambaa safi kisha mkaa karibu ujae. Bomba la ndoo ya chini lifungue kidogo maji yatoke kama uzi, yakikimbia dawa inapita nayo. Klorini tia mwisho, ukiitanguliza mkaa unaimeza yote.

Mkaa ukishiba haukwambii, maji yanatoka meupe vilevile, kwa hiyo badilisha mapema, na ule wa zamani usiupikie, ufukie mbali na kisima.

Sasa ubaya wake: mkaa wa nyumbani hauna nguvu kama ile kaboni maalum ya kusafishia maji, na glaifoseti, ile ya kuua magugu, unaishika kidogo sana. Kama jirani wa juu anapiga hiyo na mvua za Machi zimeanza, hamia maji ya mabati, ila ya mwanzo yaache yaoshe paa kwanza ndo ukinge. Mama mjamzito na mtoto mdogo wapewe hayo tu mpaka kisima kipimwe maabara. Na kisima kikinuka dawa, au dawa imemwagikia humo, hapo hakuna cha kuchuja, funika, waambie majirani na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mkachote kwingine.