SOMO: Siku mbili kwa baiskeli mashambani Uingereza, Bristol hadi Chippenham (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, habari za Jumapili. Tangu niweke zile picha za mfereji, kila siku napata ujumbe uleule: "Dada, ulipitia wapi, na mimi nisiye na mazoezi nitaweza?" Naandika mara moja hapa ili tuwe tunaelekezana. Njia hii nimeipita mara nne. Ni tambarare karibu yote, kwa sababu siku ya kwanza unapita juu ya reli ya zamani, kisha unafuata mfereji. Treni haipandi mlima mkali, na maji hayapandi kabisa.

1. Baiskeli. Yoyote yenye gia chache, breki zinazoshika na tairi pana kidogo. Usinunue mpya kwa ajili ya hili.

2. Treni. Shukia Bristol Temple Meads. Ukitoka mbali, weka nafasi ya baiskeli unapokata tiketi, maana treni za masafa marefu hubeba baiskeli chache tu.

3. Mzigo. Uweke kwenye keria, mgongoni usibebe kitu. Tyubu moja ya akiba, pampu, viraka, koti la mvua, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

4. Bristol hadi Bath, kilomita 21. Lami mwanzo mwisho, hakuna gari. Treni za abiria ziliacha kupita hapa mwaka 1966, na kuanzia 1979 watu wa kujitolea wakaanza kuigeuza reli kuwa njia ya baiskeli. Utapita handaki la Staple Hill, ndani kuna taa ila dari linadondosha maji. Bitton bado kuna treni ya mvuke ya kutembeza wageni, na chai ipo.

5. Bath hadi Bradford on Avon. Hapa unaingia kwenye mfereji wa Kennet and Avon. Fuata vibao vya buluu vyenye namba 4. Njia ya ukingoni ni changarawe, nyembamba, na mwenye haki ya kwanza ni anayetembea kwa miguu. Piga kengele mapema, punguza mwendo, inamisha kichwa chini ya madaraja. Ukifika Dundas, na tena Avoncliff, mfereji wenyewe unavuka mto juu ya daraja la mawe. Simama pale. Boti inakupita kando yako taratibu, mwenye boti anakusalimia na kikombe mkononi, na chini kabisa mto unakwenda zake upande mwingine. Mara zote nne nimesimama hapo zaidi ya nusu saa. Chumba cha kulala Bradford weka mapema, na uliza kama wana mahali pa kufungia baiskeli.

6. Bradford hadi Devizes. Tambarare mpaka Caen Hill. Hapo kuna malango 29 ya kupandishia boti ndani ya kilomita tatu hivi, na 16 kati yake yamepangana mstari mmoja kama ngazi. Jumla yanainua boti mita 72, nawe unapanda mita hizohizo. Ukichoka, shuka usukume.

7. Kurudi. Hapa tulieni, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Devizes haina stesheni, ilifungwa 1966. Mara ya kwanza sikulijua hilo mpaka niko mjini saa tisa alasiri. Nikafungua ramani ya simu, nikaiambia inipeleke Lacock, kijiji cha njiani kwenda stesheni ya Chippenham, kwa baiskeli, ikanichorea njia fupi iliyonyooka katikati ya mashamba. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Mita mia mbili za kwanza zilikuwa nyasi nzuri, baadaye ukaanza udongo mzito wa mfinyanzi uliochimbwa na kwato za farasi. Udongo ule ukichanganyika na majani makavu unajipakia kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nilikuwa nauchokonoa kwa mpini wa kijiko, nasukuma hatua kumi, umejaa tena. Mwisho nikaibeba baiskeli begani na mabegi yake, pembeni upupu wa huku unanichoma miguu, giza linaingia. Mwendo wa nusu saa ulinichukua saa tatu, na treni ya mwisho niliyoitegemea sikuiwahi.

Kwa hiyo:

Usiiamini simu peke yake. Tazama ramani ya Ordnance Survey (shirika la ramani la taifa) ya 1:25,000. Vistari vya kijani vifupi ni njia ya miguu tu, baiskeli huruhusiwi kuendesha. Vistari virefu ni njia ya farasi, na tangu sheria ya 1968 baiskeli nayo inaruhusiwa. Lakini kuruhusiwa hakumaanishi kunapitika. Baada ya mvua kaa mbali nazo. Porini utazijua kwa mishale: wa njano ni miguu, wa buluu ni farasi.

Njia sahihi ni kurudi na mfereji mpaka Semington, kisha Melksham, Lacock, Chippenham, ambako kuna stesheni ya kwenda Bristol na London. Usiikose Lacock. Pale mwaka 1835 Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya dirisha la nyumba yake, na negativu yake ndiyo kongwe kuliko zote za kamera zilizobaki duniani. Dirisha lenyewe bado lipo.

MASWALI

Mdau wa Reading: Somo zuri. Sasa kurudi napandia treni wapi, Devizes?

Jibu: Hatua ya 7, mkuu. Sentensi ya pili.

Mdau wa Coventry: Naweza kupiga hema popote nikichoka?

Jibu: Hapana. England karibu kote lazima mwenye ardhi akuruhusu. Uskoti ndiko sheria ni nyingine.

Mdau wa Luton: Kilomita zote hizo na gari lipo? Huku ni kujitesa tu.

Jibu: Gari halipiti juu ya daraja la Dundas. Kama hupendi baiskeli hakuna ubaya, ila mada hii ni ya wanaotaka kwenda.

Mama wa Leicester: Mwanangu, mimi nina miaka 52, baiskeli nimejifunza ukubwani, na navaa baibui. Nitaweza kweli? Naogopa mnyororo usininase.

Jibu: Shikamoo mama. Utaweza. Anza na hatua ya 4 peke yake, uende Bitton, unywe chai, urudi Bristol. Ni kama kilomita 25 kwenda na kurudi, bila gari hata moja. Kuhusu nguo, tafuta baiskeli ya fremu ya chini yenye kifuniko kamili cha mnyororo, ndani vaa suruali, na vazi la juu liishie magotini au ulibane kwa pini upande wa kulia, kwenye mnyororo. Ukipanga siku niandikie, nikiwa sina zamu tutaenda wote.

Mama wa Leicester: Marahaba. Mungu akubariki. Na chakula?

Jibu: Beba chako, mama. Mimi nabeba chapati na chupa ya chai. Baa za vijijini nyingi hufunga jiko saa nane mchana mpaka jioni, na Jumapili maduka makubwa huwa wazi kwa muda wa saa sita tu. Maji utayapata kwenye makaburi ya makanisa, mara nyingi kuna bomba la kumwagilia maua. Kibaraza cha mlango wa kanisa pia hufaa kujikinga mvua.

Mdau wa Kigoma, sasa Bristol: Niongeze. Kuanzia Septemba wakulima wanaruhusiwa tena kukata uzio wa vichaka vya miiba, na mabaki yake humwagika barabarani. Mwezi wa kumi nilipata pancha tatu siku moja. Kagua tairi kwa kidole kabla ya kuweka tyubu mpya, mwiba ukibaki ndani umetoboa tena.

Jibu: Asante sana mkuu, hilo nimelisahau na ni kubwa. Glavu nyepesi zisaidie kidole.

Mdau wa Kigoma, sasa Bristol: Na ile tyubu iliyokufa usitupe. Ikate kwa urefu, upate mikanda miwili. Nyumbani ndiyo tunafungia magunia ya mkaa kwenye keria. Zile kamba za kulabu za dukani zinaruka na kuingia kwenye spoku.

Jibu: Upana kiasi gani?

Mdau wa Kigoma, sasa Bristol: Vidole viwili. Toa sehemu ya valvu kwanza. Vuta mpaka inakaribia kugoma, zungusha mara tatu, mwisho pachika ncha chini ya mzunguko wa pili. Hakuna fundo.