Sukari ikiadimika, mimi huitafuta hivi

Nauza chai na vitumbua Tandika, Dar es Salaam, kuanzia alfajiri mpaka saa nne asubuhi. Kwa siku natumia kilo mbili za sukari. Kwa hiyo Januari na Februari 2024, sukari ilipopotea Dar nzima, sikuweza kukaa nyumbani nikanywe chai ya chumvi mpaka irudi. Ilibidi niitafute kila siku, na hizo wiki zilinifundisha mengi.

Kwanza ujue kwa nini imepotea, maana hapo ndipo utajua ilipojificha. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 2023 na hazikukatika. Mashamba ya miwa yakajaa maji, magari yakashindwa kuingia kuchukua miwa, viwanda vikapunguza kusaga. Bei ikaruka, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi: rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kutegemea mkoa. Baada ya hapo, mtaani kwetu sukari ndiyo ikazama kabisa. Mwenye duka aliyenunua jumla kwa 3,800, tena bila risiti, atauzaje 3,000? Na akiuza 4,200 anawaogopa wakaguzi. Anaona bora akwambie "imeisha", na mfuko uko nyuma ya viroba vya sembe.

Ndiyo maana sikuhizi nikisikia "hakuna" siondoki moja kwa moja. Usiulize sukari duka likiwa na watu watano. Mangi, yaani mwenye duka, akikupimia wewe, wale wanne nao watataka, na kesho mtaa mzima uko mlangoni kwake. Mimi nilikuwa naenda saa tatu usiku, anapoanza kuingiza ndoo na mafagio ndani. Salamu kwanza, nanunua sabuni au kiberiti, halafu taratibu: "Mangi, kesho sina cha kutia kwenye vitumbua." Hapo utaona anaangalia nje kulia na kushoto. Lakini hili linafanya kazi kwa duka ulilozoeana nalo. Kama jina lako liko kwenye daftari la madeni tangu Krismasi, lipa kwanza ndipo ukaombe. Nawajua waliomruka Mangi miaka miwili wakikimbilia supamaketi, siku ya shida wakashangaa hawajulikani.

Ukikosa dukani, fuata mzigo. Sukari haiji kwa miguu. Inakuja na Fuso mpaka kwa muuza jumla, halafu inasambazwa kwa guta au kirikuu. Wa kuwauliza ni vijana wanaobeba. Wao wanajua mzigo umeshuka wapi kabla mwenye duka jirani hajajua. Kijana mmoja wa guta hunywa chai kwangu kila asubuhi; nilimwambia akiona mifuko inashuka anipigie, chai ya siku hiyo juu yangu. Alinipigia mara tatu ndani ya mwezi. Mara mbili niliwahi, ya tatu nilifika nikakuta wanafagia stoo.

Tetesi za kwenye magrupu ya WhatsApp zilinilia nauli nyingi. Mtu anaandika "Mbagala ipo", unapanda daladala, unafika saa nane mchana, kumbe ilikuwepo jana. Sasa mtu akisema ipo namuuliza maswali matatu: umeinunua mwenyewe, saa ngapi, na kwa shilingi ngapi? Akijibu "nimesikia", nabaki zangu nyumbani.

Njia iliyonisaidia kuliko zote ni kuchanga. Muuza jumla hataki kukupimia kilo mbili, anataka mfuko uondoke. Tukaungana wanawake watano: watatu mama lishe, jirani yangu, na mimi. Mfuko wa kilo 50 tulipata kwa 195,000, guta 5,000, kila mmoja akatoa 40,000 akaondoka na kilo kumi. Hesabu yake ni 4,000 kwa kilo, wakati rejareja mtaani ilikuwa imefika 4,500. Mkichanga, pimeni mbele ya wote. Urafiki wa miaka mingi unaweza kufia kwenye nusu kilo.

Na mzani ni muhimu hata ukinunua kidogo. Wakati wa uhaba zilijaa sukari zilizofungwa kwenye vimfuko, zimeandikwa kilo moja kwa kalamu. Nilinunua kimoja sehemu ambayo sitaitaja, nikapita nacho bucha nikamwomba muuza nyama anipimie: gramu 870. Tangu siku hiyo nasema nipimiwe nikiona. Muuzaji akinuna, namwacha na mfuko wake.

Kuna duka lilinilazimisha ninunue kilo tano za unga ndipo niuziwe kilo moja ya sukari. Nilikubali kwa sababu unga nyumbani ulikuwa umeisha. Kama huuhitaji, piga hesabu kabla hujasema ndiyo, maana kwa mtindo huo kilo moja inaweza kukugharimu pesa ya wiki.

Siku niliyokosa kabisa nilipunguza sukari kwenye unga wa vitumbua kwa robo, nikaongeza iliki na tui zito. Mteja mmoja tu ndiye aliyegundua, mzee anayegundua kila kitu.

Sasa naangalia kalenda. Viwanda vya sukari husimama wakati wa masika kufanya matengenezo, na mwaka 2024 mfungo wa Ramadhani ukaingia mwezi wa Machi, watu wakitaka uji na futari. Kwa hiyo kuanzia Januari, sukari ikiwa bado ipo kwa bei ya kawaida, naongeza kilo moja kila wiki mpaka zifike kumi. Zaidi ya hapo sinunui. Nyumba yangu ni chumba na sebule, na nikijaza mimi jirani atakosa. Naiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ndoo juu ya stuli, miguu ya stuli ndani ya makopo ya maji. Maji hayo yabadilishwe kila baada ya siku mbili, la sivyo utawazuia sisimizi ukafuga mbu.